Betri Mbili na Pasi Moja

Gari letu lina betri mbili, na ndoa yetu imetikiswa na zote mbili. Ya kwanza ni ya injini, kazi yake kuwasha gari na basi. Ya pili ni kubwa, imekaa chini ya kitanda ndani ya sanduku la mbao, na hiyo ndiyo ya nyumba: inawasha taa, feni, cherehani yangu na mashine ya mume wangu ya kupumulia. Nasema nyumba kwa sababu ni nyumba. Zamani ilikuwa Haisi ya abiria, ya dizeli, iliyozeeka barabarani ikiwa na mume wangu kwenye usukani siku ambazo hakuwa machimboni. Viti viking'olewa gari ni chumba. Fundi mmoja wa mtaani kwetu Kambarage akatuwekea kitanda, kabati na meza ya kukunja, akapandisha paneli mbili za sola juu ya paa.

Mimi ni fundi cherehani. Watoto walipokuwa wakubwa na kwenda kwao, nikaanza kufuata machimbo. Kukisikika mahali dhahabu imeonekana, watu wanahama kwa mamia, na mtu anayechimba anachana suruali kila siku. Nilikuwa naegesha pembeni ya mahema, nashona ovaroli, natia viraka, nashonea mama ntilie mapazia ya vibanda vyao. Jioni navuta mlango, nalala humo humo. Watu waliniona kama mwanamke asiye na kwao, nami nikaendelea kushona.

Somo la umeme fundi alinipa siku moja tu, naye alikuwa na haraka. Kuna kioo kidogo ukutani kinachoonyesha volti. Kikisoma kumi na mbili nukta saba, betri imeshiba. Kikisoma kumi na mbili nukta mbili, imebaki nusu, uanze kuwa mchoyo. Chini ya hapo unaiua betri yenyewe, na betri haifi kwa kelele, inakufa kimya kimya, ukishtuka haishiki tena. Mengine nilijifunza kwa kuumia. Mnadani niliwahi kuegesha kivulini mchana kutwa kwa ajili ya kukwepa joto, jioni cherehani ikagoma, maana paneli haioti jua la kusimuliwa. Nikawahi kuiacha inveta imewashwa siku mbili bila kuitumia. Inveta ndiyo inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa nguzo, nayo ina tabia ya mgeni mvivu: hata isipofanya kazi inakula. Na nikawahi kuchemsha chai kwa birika la umeme. Birika lile lilikula ndani ya dakika chache umeme ambao cherehani ingekula tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Tangu siku hiyo kitu chochote cha kupasha moto nilikipiga marufuku garini. Chai napikia gesi.

Chini ya kiti cha dereva fundi aliweka swichi nyekundu. Hiyo inaunganisha betri zote mbili, ili siku ya injini ikishindwa kuwaka, uazime nguvu kutoka betri ya nyumba. Akaniambia ni ya dharura tu, maana ukiiacha wazi, betri zote mbili zinakuwa sufuria moja, na anayepakua anapakua kotekote. Nilimwambia mume wangu maneno hayo hayo, na zaidi ya mara moja.

Sasa nimseme mume wangu. Miaka mingi alisimamia karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, kwenye machimbo madogo ya huku na huku. Mawe yanaingia mawe, yanatoka unga, na unga ule mweupe unaingia kifuani mwa aliyesimama karibu. Sisi tulidhani kitambaa mdomoni kinatosha, na mara nyingi hata kitambaa hakikuwepo. Alipoanza kuhema kwa kupanda ngazi tatu za mlango wetu, tukaenda hospitali. Daktari akainua picha ya kifua dirishani, akasema mapafu yamekakamaa kwa vumbi la mawe na hayatarudi yalivyokuwa. Kilichobaki ni kuyasaidia.

Ndipo tukapata mashine. Ni ndogo, ya kuning'iniza begani, inavuta hewa ya kawaida, inaichuja na kumpelekea oksijeni kwa mrija unaokaa puani. Ina betri yake ya ndani lakini ilikuja imechoka: ukiichomoa kwenye umeme inashika robo saa, kisha inalia. Analala nayo usiku kucha, na mchana anaivaa kwa vipindi. Akikaa bila hiyo ametulia, saa moja mpaka mbili anaweza. Zikizidi, midomo inaanza kugeuka rangi ya zambarau, na hapo hakuna utani tena. Nyumbani umeme wa nguzo upo, na ukikatika navuta waya kutoka garini kupitia dirishani. Machimboni nikaacha kwenda. Betri niliyoifungia cherehani ikawa ya pumzi ya mtu.

Asubuhi moja, amekaa ukingoni mwa kitanda anafunga vifungo vya shati kwa taratibu zake mpya, akaniambia, "Nataka nikamwone mama."

Mama yake anakaa kijijini upande wa Geita. Mume wangu alikuwa hajakanyaga kwao mwaka wa sita, na sababu naijua. Mtu akitoka kwao kwenda kuchimba, siku akirudi watu wanamwuliza kama duara limetema, maana yake shimo limetoa mali. Likitema, arudi na bati za nyumba ya mama, na vitenge, na ng'ombe mmoja au wawili. Lisipotema, anatuma salamu. Yeye alituma salamu miaka sita.

"Twende," nikamwambia. "Usiku betri itakubeba, mchana jua litairudishia. Nimeshapiga hesabu."

"Sharti moja, mama watoto. Wasijue habari ya mashine."

"Wataona mrija puani, baba."

"Nitakuwa naivaa ndani ya gari, mlango umefungwa. Wakiuliza mlio, ni friji."

Nilitaka kumwambia kwamba mgonjwa anayeficha ugonjwa kifo humuumbua, kama wanavyosema wahenga, lakini nilimtazama mikono yake ikitafuta tundu la kifungo, nikaenda jikoni kufungasha. Nikapakia mchele, sukari, michembe ya viazi vikavu, na khanga mbili za mama mkwe. Tukaondoka alfajiri.

Barabarani hatuna shida. Injini ikizunguka, oltaneta inachaji betri zote, naye analala nyuma na mrija wake kama mfalme. Tulisimama Tinde kununua karanga, tukakata kuelekea Kahama, na kuanzia hapo nikawa namsikia akinitajia kila kijiji: hapa tulikuwa na shimo na fulani, pale karasha la kwanza, huku watu walihama usiku mmoja wakaacha hata masufuria. Sauti yake ilikuwa nyepesi. Kilomita chache kabla ya kwao akaniomba nisimame. Akavua mrija, akaufungia kabatini, akajipaka mafuta usoni, akahamia kiti cha mbele.

Tulipokelewa kwa vigelegele. Mimi nikapiga goti kumwamkia mama mkwe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mayu, mama yangu. Wabeja, asanteni kwa kuniletea mwanangu." Akamshika mwanawe uso kwa mikono miwili, akamgeuza kidogo huku na kidogo huku. "Umekonda."

"Safari, mama."

Watu wakaanza kulizunguka gari. Wakachungulia kitanda, kabati, taa ndogo za darini, feni, soketi ukutani. Wifi yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye ndiye anayekaa na mama, akawasha taa na kuzima, akawasha tena. Mzee mmoja wa jirani akasema kwa sauti ya kutosha wote wasikie, "Kweli duara limetema." Nikamtazama mume wangu. Alikuwa anatazama paa la nyumba ya mama yake, na hakukanusha.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa wa kivuli. Uani pana mjohoro mkubwa, na kaka yake mkubwa alikuwa tayari amefagia chini yake. Kaka huyu ana karasha lake mwenyewe nje ya kijiji, alikuja kutupokea bado ana unga mweupe kwenye nyusi. Akanionyesha kwa mkono niingize gari kivulini. Nikamwambia nashukuru shemeji, nitaliweka pale katikati, juani.

"Mgeni hawekwi juani, shemeji."

"Gari si mgeni."

"Na waliolala ndani yake?"

Nikaona uso wa mama mkwe umeanza kubadilika, maana kwake ilionekana nimekataa kivuli cha mji wake. Mimi nikikasirika maneno yananitoka mabaya, na yalikuwa njiani yanakuja. Mume wangu akawahi. "Mama, hizo za juu zinatengeneza umeme kwa jua. Betri zinaanikwa, kama unavyoanika za redio."

Mama mkwe akageuka kutazama bati la banda lake la kuku, ambako kwa kweli zilikuwepo betri nne za redio zimepangwa zinaota jua. Akaitikia kwa kichwa, kesi ikaisha. Nikaegesha juani, na wote wakatuhurumia.

Siku ya kwanza tulikwenda vizuri. Mume wangu alikuwa akiongea na watu uani, kila baada ya muda anasema anaingia kujinyoosha, nafunga mlango, namvalisha mrija. Wifi akauliza huo mlio ni wa nini, akaambiwa friji. Baadaye akanivuta pembeni kuniuliza friji gani linalolia mchana kutwa na hatujamkaribisha hata maji ya baridi. Nikamwambia limeharibika, linalia tu.

Shida ikaja kesho yake. Transfoma ya kijiji ilikuwa imeungua, wiki ya pili hiyo hakuna umeme, na simu za watu zilikuwa zimekufa mifukoni. Kijana mmoja akaja na simu yake mkononi, kwa adabu zote, akiomba asilimia kumi tu. Mume wangu akamwambia, "Leta. Umeme upo." Baada ya hapo hawakuomba tena asilimia. Wakaja kina mama, akaja mwalimu, akaja katekista na simu mbili. Nilihesabu kumi na nne kwenye meza ninayoshonea, waya zimekaa kama mizizi.

Nilimvuta mume wangu ndani. "Unajua unagawa nini?"

"Simu hazili kitu."

"Moja haili kitu. Kumi na nne zinakula."

"Jua lipo, mama watoto."

"Jua la mchana ndilo usingizi wako wa usiku."

Akanishika bega. "Siwezi kuwanyima," akasema, akatoka. Nilikasirika sana. Niliona ni ujinga wa kiume, mtu kujitapa kwa kitu ambacho kesho kitamuua. Usiku betri ilishuka kuliko nilivyotaka, lakini ilifika asubuhi, na kwa kuwa ilifika, nikajidanganya kwamba hesabu bado inakaa sawa.

Siku ya tatu ilikuwa Jumamosi. Mama mkwe alikuwa amesema Jumapili ataenda kutoa shukrani kanisani kwa kurudi kwa mwanawe, na mji mzima utaenda naye. Anga ilikuwa na mawingu tangu asubuhi. Mimi nilikwenda gulioni kutafuta dagaa na vitunguu. Kabla ya kuondoka nilisoma kioo, kumi na mbili nukta nne, si haba. Nikamwambia mume wangu, "Jua likifika utosini uingie ndani uvae mrija, ulale saa moja. Simu zitoe zote." Akasema sawa. Alivyokuwa anasema sawa alikuwa ameketi kwenye kigoda kati ya watu watano, anacheka, nikajua sawa ile ni ya kuniondoa.

Gulio lilinichelewesha. Kurudi, kabla sijaona gari nikasikia muziki. Nikaharakisha hatua. Kutoka dirishani mwa gari ulikuwa umetoka waya wa ekstensheni, umevuka uani, umeingia nyumbani kwa mama mkwe. Kwenye kizingiti kulikuwa na sabufa inapiga kwaya. Ndani, juu ya meza iliyotandikwa blanketi, wifi alikuwa anapiga pasi. Pasi ya umeme. Pembeni yake kulikuwa na rundo la nguo za mji mzima, magauni, mashati ya kaka, kitenge cha mama, na hata nguo za jirani, na nyingine zilikwisha kunyooshwa zimening'inizwa ukutani, nzuri, hazina hata mkunjo.

Sikumwambia kitu, nilikimbilia gari. Inveta ilikuwa inapiga kelele ile nyembamba ya kuomba msamaha. Kioo kilisoma kumi na moja nukta mbili. Nikainama chini ya kiti cha dereva, nikaona swichi nyekundu imegeuzwa. Aliigeuza mume wangu, nilikuja kuambiwa baadaye. Inveta ilipoanza kulia mara ya kwanza, wifi alimwambia amebakiza kitenge cha mama, naye akaenda akaunganisha betri ya injini ili kitenge cha mama yake kipigwe pasi.

Mwenyewe alikuwa bado kwenye kigoda. Alikuwa anatabasamu, lakini hakuwa anaongea tena, na mabega yalikuwa yanapanda na kushuka. Midomo ilikuwa ya zambarau. Watu waliomzunguka walidhani anasikiliza kwaya.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo mpaka leo linanichoma. Nilisimama katikati ya uwanja nikapaza sauti mbele ya mama yake, ndugu zake na katekista. "Huo umeme mnaopigia pasi ndio pumzi yake. Mapafu yamekwisha. Anaishi kwa mashine, na betri mmeimaliza."

Wifi akachomoa pasi. Mwingine akazima kwaya. Katika ule ukimya tuliisikia wote pumzi ya mume wangu, na hakuna aliyehitaji maelezo zaidi.

Kaka yake na mwalimu wakamnyanyua, wakamlaza kitandani garini. Nikamvalisha mrija, nikawasha mashine kwa betri yake ya ndani. Robo saa. Nikaruka kwenye usukani, nikageuza ufunguo. Tik. Nikageuza tena. Tik. Taa za dashibodi zikafifia kama macho ya mtu anayesinzia. Betri ya injini nayo ilikuwa imeingia kwenye kitenge cha mama mkwe.

"Sukumeni," nikasema.

Uwanja ule una mteremko kidogo kuelekea barabarani. Walikuja wote. Wanaume wakashika nyuma, wanawake wakashika ubavuni, katekista alivua koti. Wifi alikuwa mbele kabisa upande wangu, mikono kwenye mlango, analia huku anasukuma. Nikakanyaga klachi, nikaweka gia ya pili. Gari likaanza kuteleza taratibu. Nyuma yangu nilisikia mashine ikihesabu, pf, pf, pf. Nikaachia klachi, gari likashtuka, likakataa. Wakasukuma tena mpaka barabarani. Nikaachia mara ya pili, injini ikakohoa, ikashika, moshi ukawafunika wote. Sikuthubutu kuondoa mguu kwenye mafuta. Kioo kikapanda: kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na tatu nukta nane. Nikawasha inveta, mashine ikapokea umeme, na mimi nikalaza paji la uso kwenye usukani nikalia.

Nililirudisha gari uani likiwa linanguruma, maana injini ikizimwa tu tunarudi pale pale. Halafu nikaona geji ya dizeli. Mshale ulikuwa umelala, nilipanga kujaza mjini siku ya kuondoka. Nikamwambia shemeji. Akapanda pikipiki akaondoka.

Nikaenda kukaa ukingoni mwa kitanda. Midomo ya mume wangu ilikuwa inarudi rangi yake pole pole.

"Ungewaambia betri ni mbovu," akasema. Sauti ilitoka chini ya mrija, haina hasira, na hiyo iliniumiza zaidi. "Wangeelewa. Betri huwa mbovu."

"Ulikuwa unakufa."

"Najua."

"Kwa nini, baba? Kwa ajili ya pasi?"

Akauweka sawa mrija puani. "Miaka sita," akasema. "Nilikuwa na nini kingine cha kuwapa?"

Nilikuwa nimehesabu volti siku tatu mfululizo, nimehesabu simu, nimehesabu jua, na hilo sikuwa nimelihesabu. Wenzake wakirudi wanagawa bati na ng'ombe. Yeye alirudi na kifua kibovu na soketi nne ukutani, akagawa alichonacho. Nilimwomba msamaha pale pale kwa kumwaibisha. Akasema tusameheane, lakini akageuza uso ukutani kwanza.

Mama mkwe akaingia. Hakuwa ameingia garini tangu tufike, alikuwa anasema ngazi ni ndefu. Safari hii alipanda bila kushikwa mkono, akaketi kwenye kiti changu cha cherehani. Akaufuata mrija kwa macho, kutoka puani mwa mwanawe mpaka kwenye mashine.

"Kumbe friji ni hili," akasema.

Mume wangu akacheka, kicheko kikamkatisha pumzi, mama yake akamwekea kiganja kifuani mpaka kikatulia. Akamwambia kwa Kisukuma maneno ambayo nitayasema kwa kifupi: kwamba yeye aliomba mwana, hakuomba bati, na bati anazo. Wifi alikuwa amesimama mlangoni na kitenge kilichonyooshwa mkononi, hajui akiweke wapi. Nikampokea, nikakitundika kwenye msumari wangu wa nguo za wateja, nikamwambia kimenyooka vizuri. Kilikuwa kimenyooka kweli.

Shemeji alirudi na dumu la njano. Alikuwa amelizima karasha lake, akanyonya dizeli yote iliyokuwemo. Akakata chupa ya maji kuwa faneli ya kumiminia, akainama ubavuni mwa gari na kuanza kumimina, taratibu, asimwage. Kati ya kumimina akakohoa. Akaweka dumu chini, akakohoa tena, kikohozi kikavu kinachotoka chini, kisichotoa kitu. Akajifuta macho kwa mkono, akaendelea.

Dirisha lilikuwa wazi juu yake. Nilimwona mume wangu ameinua kichwa kutoka kwenye mto, anasikiliza. Mimi niliisikia injini na dizeli inavyoingia. Yeye alisikia kingine.

"Kaka," akaita.

"Naam."

"Hicho kikohozi kimeanza lini?"

"Aa, ni vumbi tu."

"Asubuhi kinakuamsha?"

Shemeji akainua dumu tena.

"Ukipanda kilima na baiskeli, unashuka?"

"Nina pikipiki siku hizi," akasema, na hakuna aliyecheka.

"Ingia ndani," mume wangu akamwambia. "Mimi pia nilisema ni vumbi tu. Ingia nikuonyeshe."

Akaingia mwanaume yule mkubwa, unga kwenye nyusi, akaketi sakafuni kwa kuwa viti vilikwisha. Mume wangu akajivuta akaegemea mto, na mbele ya mama yake na dada yake akaeleza kila kitu mwenyewe, bila kupunguza: alivyoanza kuhema, alivyonificha mimi mwaka mzima, alivyomdanganya daktari mara ya kwanza kwamba havuti vumbi, picha ya kifua ilivyokuwa nyeupe mahali panapotakiwa kuwa peusi. Akamfungulia shati akamwonyesha jinsi mbavu zinavyovutika. Mimi nilibaki nimeshika mguu wa meza. Miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kumsikia akisema hivyo, hata kwangu.

Jumapili walienda kanisani na nguo zao zilizonyooshwa, sisi tukabaki tukichaji betri juani, na simu moja tu kwenye soketi, ya mama mkwe. Jumatatu asubuhi tuliondoka, na garini tulikuwa watatu. Shemeji alikaa mbele kando yangu, amevaa shati lililopigwa pasi Jumamosi, tunampeleka hospitali Geita mjini akapigwe picha. Hakutaka. Aliniambia mara mbili nimshushe, anakumbuka karasha halina mtu. Nikaongeza mwendo. Mume wangu alikuwa nyuma kitandani na mrija wake puani, na njia nzima alikuwa anamfundisha kaka yake maneno ya kumwambia daktari, moja moja, na kumtaka ayarudie kwa sauti, asije akafika pale akaona aibu akaficha.